Mahindi yenye sumukuvu: je, mpakani ndipo pa kupimia?

Mada: Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya (AFA) ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Siku chache baadaye yakaruhusiwa, mradi kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi 10 ppb (sehemu 10 kwa kila bilioni). Cheti hicho kinamlinda mlaji, au kinamsumbua mwenye lori tu?

Bambo: Kinasumbua tu. Sumukuvu haitapakai gunia zima, inajazana kwenye punje chache. Punje ina kama gramu 0.3. Ikiwa na 100,000 ppb, na zipo zinazozidi hapo, basi ndani ya sampuli ya kilo 5 inaleta 6 ppb peke yake. Zikiingia mbili, shehena imekwama. Bambo, chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, likizikosa, imepita. Mahindi ni yaleyale!

Kihenge: Mkuu, hapo mlaumu anayechukua sampuli. Chomeni bambo kwenye magunia mengi, hata ya katikati ya lori, ambayo hayafikiki bila kushusha (uvivu huanzia hapo). Changanya, saga kilo 5 zote, ndipo uchote gramu 50 za kupima. Ukichota kabla ya kusaga, umepima bahati.

Bambo: Nani ashushe tani 30 pale Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania? Dhibitini unyevu kwa mkulima, usizidi 13.5%.

Kihenge: Apime kwa kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa? Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita 15% hivi. Isipoganda, mahindi yanaweza kuwa na 14.5% na mtu akayafungia ndani akijiona salama. Mfuko wa kinga njaa, ule usiopitisha hewa, nao unazuia ukungu usiendelee, hauondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kupika ugali hakuiondoi pia.

Pumba: Mnabishana juu ya unga tu. Shehena iliyokataliwa inarudi wapi? Isipoteketezwa, itakobolewa. Sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini, kwa hiyo sembe inapata nafuu (wala dona poleni) na pumba zinakwenda kwa ng'ombe. Sumu inatokea kwenye maziwa, ikiitwa M1. Kwetu Tanzania usalama wa chakula ulitoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kwenda TBS (shirika la viwango) mwaka 2019, ila vyakula vya mifugo viko chini ya wizara ya mifugo. Mlango mmoja umefungwa, wa pili uko wazi.

Kihenge: Basi cheti kionyeshe pia yaliyokataliwa yameishia wapi.

Bambo: Na hasara ya kuyateketeza anaibeba nani? Mkulima?