Gumzo la ukoo: Tuzo isiyo na fomu

Kabula: Shikamooni wakubwa. Leo darasani tumesimuliwa Tuzo ya Kanter. Kila mwaka inaenda kwa utafiti uliotia fora kuhusu kazi na familia. Waanzilishi ni Chuo Kikuu cha Purdue na Boston College, Marekani.

Baba Mdogo Masanja: Marahaba. Fomu zinatoka lini na kuna shilingi ngapi?

Kabula: Hakuna fomu 😂 Huombi, wala hupendekezwi. Wasomi zaidi ya 60 wanapitia makala zaidi ya 2,500, wanachuja mpaka ibaki moja.

Baba Mdogo Masanja: Makala za lugha gani?

Kabula: Kiingereza.

Baba Mdogo Masanja: Nilijua tu. Haya, endelea.

Mama Kulwa: Samahani nawakatisha. Mchango wa Nyakato mwisho leo, wanne bado. Mnajijua.

Kulwa: Kanter ndiye nani?

Kabula: Rosabeth Moss Kanter, mwanasosholojia. Mwaka 1977 aliandika kwamba kudhani kazi na nyumbani haviingiliani ni kujidanganya.

Shangazi Nyamizi: Hilo nalo lilimsubiri msomi? Njoo huku Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Wakati wa giza, mwezi usipoonekana, wanaume wanakesha ziwani wakivua na taa zao, asubuhi sisi tunaanika dagaa, mtoto mgongoni, mkubwa wake anafukuza kunguru. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, baba anashinda nyumbani. Ndiyo wiki ya kudaiwa ada na kununiana 🤣

Kulwa: Na ya kutafuta mtoto mwingine.

Baba Mdogo Masanja: Kulwa! Humu kuna watoto.

Kabula: Shangazi, nataka kuandika hicho hicho. Nani anashika pesa wakati wa giza, na nani anaamua mbalamwezi ikifika.

Shangazi Nyamizi: Ila usije na makaratasi ya maswali. Kule Kisesa, Mwanza, watafiti wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wanapita nyumba kwa nyumba tangu 1994, nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Wifi yangu wa kule anajibu kabla hajaulizwa.

Kabula: Nitaanika kwanza, maswali baadaye.

Shangazi Nyamizi: Wabeja, asante mwanangu. Jumamosi bado ni giza, fika saa kumi na moja alfajiri. Vaa kanga iliyochakaa, ile harufu haitoki kwa sabuni moja. Na pesa naishika mimi, andika hilo kabisa.

Baba Mdogo Masanja: Mumeo yumo humu.

Shangazi Nyamizi: Anajua.