Re: Mtoto aongezewe klabu gani?

Dada, shikamoo. Nimesoma barua yako usiku nikitoka zamu. Mwanao wa darasa la 11 yuko roboti, mdahalo, soka na kwaya, na bado unauliza umwongeze klabu gani ili vyuo vimkubali. Usimwongeze. Mpunguzie.

Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi hapa Marekani vinaitumia kupokea maombi ya kujiunga, ina nafasi 10 za kuandika shughuli za mwombaji nje ya masomo. Hicho ni kikomo, si deni. Maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kisha wanauliza saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Hapo ndipo klabu ya kwenda kupigwa picha tu inapoumbuka.

Wa kwangu alijaza tano tu, nikamwona mvivu. Ya kwanza, kazi yake ya dukani Jumamosi. Ya pili, kulea wadogo zake wawili nikiwa kazini. Nikamaka: hayo ya nyumbani, unawaandikia wazungu watucheke? Akanionyesha kwenye fomu: kazi ya mshahara imo, na majukumu ya kifamilia yamo, yana kipengele chake. Miaka yote ile nilikuwa najilaumu kwamba nimemkosesha klabu.

Ila asiandike "nasaidia nyumbani". Aandike anachofanya: napika chakula cha jioni cha watu watano, nawapokea wadogo kwenye basi, nasimamia kazi zao za shule.

  

---

Marahaba, mdogo wangu. Jana nimemwuliza mwenyewe. Kumbe roboti anakwenda kwa ajili yangu! Anachopenda ni kwaya, na kuwafundisha Kiswahili watoto wa jumuiya yetu kila Jumapili. Sasa hilo la Jumapili litahesabika? Hana cheti, wala hakuna anayemlipa.

---

Litahesabika sana, dada. Fomu inauliza saa, haidai cheti. Ameanza lini? Kama ni tangu darasa la 9, aliweke juu kabisa, kabla ya kwaya, maana wanataka orodha ianze na lililo muhimu kwake. Na saa asizipambe. Mbili zikiwa mbili, aandike mbili.