Mjadala: Je, ilikuwa busara kwa Long Beach State kumpa nafasi ya seta kijana wa msimu mmoja?

MLETA MADA

Ndugu wanajamvi, msimu wa 2026 wa voliboli ya wanaume katika vyuo vikuu vya Marekani unafunguliwa Januari, nami ninaleta swali linalomhusu bingwa mtetezi. Mwezi Mei 2025, mjini Columbus, Ohio, Long Beach State waliilaza UCLA seti tatu kwa bila na kutwaa taji lao la nne, baada ya yale ya 1991, 2018 na 2019. Seta wao, yaani yule anayegusa mpira wa pili na kuamua nani ashambulie, alikuwa Moni Nikolov wa Bulgaria, kijana wa sentimita 207 ambaye ndiyo kwanza alikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Chama cha makocha wa voliboli nchini humo kilimtangaza mchezaji bora wa mwaka. Haukupita muda akaaga na kwenda kucheza kwa kulipwa, na Septemba ya mwaka huohuo, kabla hajatimiza miaka 19, akaiongoza Bulgaria hadi fainali ya ubingwa wa dunia nchini Ufilipino, ambako Italia ndiyo iliyowazuia kwa seti 3-1.

Simlaumu kijana hata kidogo, kwa sababu mwenye uwezo wa kucheza fainali ya dunia hana deni la kukaa chuoni miaka minne ili kuwafurahisha mashabiki. Ninachohoji ni uamuzi wa chuo. Je, ni busara kwa timu ya chuo kumkabidhi nafasi ya seta mtu ambaye kila mwenye macho alijua hatakuwapo msimu unaofuata? Jibu langu ni hapana, na ndiyo maana matarajio yangu kwa Long Beach State mwaka huu ni ya chini kuliko ya wengi wanaodhani bingwa ataendelea alipoishia.

Hoja yangu haihusu idadi ya nyota waliobaki, inahusu aina ya pengo lililoachwa. Mshambuliaji wa pembeni akiondoka, unamtafuta mwingine anayeruka juu na kupiga kwa nguvu, na wenzake wanaendelea na kazi zao karibu kama zamani. Seta akiondoka, kila mchezaji aliyebaki hujifunza upya, kwa kuwa katika mfumo wanaotumia wengi, wa seta mmoja na washambuliaji watano, karibu kila shambulizi hupita vidoleni mwake. Tazameni mpira wa haraka wa katikati: mchezaji wa kati huruka kabla mpira haujatoka mikononi mwa seta, mkono ukiwa tayari umekunjwa nyuma ya sikio, akiamini tu kwamba mpira utamkuta pale alipo. Mimi niliwahi kucheza nafasi hiyo, katika kiwango kisichostahili kutajwa, na nakumbuka tulipobadilishiwa seta katikati ya mwaka. Aliyekuja alikuwa hodari kuliko aliyeondoka, jambo ambalo nililikubali tangu siku ya kwanza, lakini kwa majuma matatu nilikuwa nashuka chini mkono mtupu, mpira ukinipita juu ya kucha kwa kipimo cha upana wa kiganja. Wa zamani aliachia mpira mapema kidogo, huyu aliushika kidogo zaidi, na mwili wangu ulikuwa umezoea ule wa kwanza.

Mazoea ya namna hiyo hununuliwa kwa saa za mazoezi, na saa hizo vyuoni zina kikomo: kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, zinaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na saa 8 tu nje ya msimu. Klabu ya kulipwa ikibadilisha seta ina asubuhi na jioni ya kila siku kumfundisha. Chuo hakina.

Linganisheni na kizazi kilicholeta mataji mawili yaliyotangulia. T.J. DeFalco, Josh Tuaniga na Kyle Ensing waliingia pamoja, wakaanza kucheza msimu wa 2016, na hawakutwaa ubingwa hadi mwaka wao wa tatu. Ulipokuja ulikuja mara mbili mfululizo, wa pili wakiwa nyumbani katika ukumbi wao wa Walter Pyramid, walipoifunga Hawai'i 3-1. Tuaniga ndiye aliyekuwa seta miaka yote minne. Ile ndiyo timu ya chuo ninayoielewa. Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, umeandika kwa ufasaha, lakini umeruka ukurasa mmoja wa historia ambao hauisaidii hoja yako. Moni si Nikolov wa kwanza kupita hapo. Kaka yake, Aleksandar, alicheza Long Beach State msimu wa 2022 akiwa naye mwaka wa kwanza, akachaguliwa mchezaji bora wa nchi, akaifikisha timu fainali ambako Hawai'i waliwafunga 3-0, kisha akaenda zake Italia. Maneno haya unayoyasema leo yalisemwa wakati ule: chuo kimegeuzwa kituo cha kubadilishia mabasi. Nini kilifuata? Mwaka 2023 Long Beach State walifika nusu fainali. Mwaka 2024 walifika fainali na kufungwa na UCLA. Mwaka 2025 wakawa mabingwa, wakiwa na mdogo mtu. Timu iliyoondokewa na mchezaji bora wa nchi nzima haikuporomoka, ilipanda ngazi.

Pili, naona katika mjadala huu watu wanachanganya ugeni na ufupi wa kukaa. Wewe hukusema hivyo waziwazi, ila wapo wanaokuunga mkono kwa sababu hiyo, na ni vizuri tuwatenge. Hawai'i walipotwaa ubingwa wa 2021 kwa kuifunga BYU, nguzo yao ilikuwa Rado Parapunov, Mbulgaria aliyekaa hadi mwaka wake wa mwisho. Walipoutetea mwaka 2022, seta wao alikuwa Jakob Thelle wa Norwei, naye hakuwa mgeni wa msimu mmoja. Mtu anaweza kutoka mbali akakaa miaka, na mwingine akazaliwa maili kumi kutoka ukumbini akahamia chuo kingine baada ya mwaka, hasa tangu 2024 NCAA ilipoondoa kikomo cha idadi ya mara ambazo mwanafunzi anaweza kuhama na kucheza papo hapo. Seta wa kukaa miaka minne, awe mzawa au mgeni, hana uhakika tena popote. Ukitaka chuo kikatae kipaji kwa kuwa huenda kikaondoka, basi kitabaki na wale ambao hakuna mwingine anayewataka.

Na mwisho kabisa, ndugu yangu: taji la 2025 liko kabatini. Ungekubali kulirudisha ili leo uwe na seta aliyezoeleka?

MLETA MADA

Swali la mwisho ni gumu na nitalirudia. Kwa sasa naomba tu ieleweke kwamba mfano wa Aleksandar unanisaidia mimi. Aleksandar alikuwa mshambuliaji. Nilisema mshambuliaji akiondoka timu huendelea, na wewe umenionyesha kwamba kweli iliendelea.

MCHANGIAJI WA PILI

Nawashukuru nyote, ingawa naona mnajadili makombe wakati swali la umma ni la nafasi. Long Beach State ni chuo cha serikali ya jimbo la California, na California ndiyo shamba kubwa la mchezo huu tangu mashindano ya NCAA yaanze mwaka 1970 na UCLA kuchukua taji la kwanza. Kwa miaka mingi timu nzima ya wanaume iliruhusiwa ufadhili wa masomo unaolingana na wanafunzi wanne na nusu tu, ukagawanywa vipande vipande, huku timu ya wanawake ikiruhusiwa kumi na wawili kamili. Katika hali ya uhaba namna hiyo, kila kipande alichopewa mtu wa msimu mmoja ni kipande ambacho kijana wa shule ya sekondari, ambaye angekaa na kuhitimu, hakukipata.

Mtaniambia mambo yamebadilika. Ni kweli: tangu suluhu ya kesi ya House, ambamo wanamichezo waliishtaki NCAA wakidai malipo, kuidhinishwa na mahakama tarehe 6 Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo havibanwi tena na idadi ya ufadhili bali na idadi ya wachezaji, ambayo kwa voliboli ya wanaume ni 18, na chuo kikitaka kinaweza kuwafadhili wote. Lakini suluhu hiyohiyo iliruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na sihitaji kuwaambia kwamba fedha hizo zinaelekea kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Michezo midogo inabaki ikichungulia mlangoni. Stanford, chuo tajiri kiasi kile na bingwa wa 1997 na 2010, kilitangaza mwaka 2020 kwamba kingefuta michezo 11, voliboli ya wanaume ikiwamo, na kikabadili uamuzi mwaka uliofuata baada ya wahitimu na wachezaji kupiga kelele. Siku mchezo ukitafutiwa sababu ya kufutwa, wahitimu ndio watakaosimama kuutetea. Aliyekaa miezi tisa hatakuwapo.

Kuna pia timu ya taifa. Marekani haina ligi ya wanaume ya kulipwa yenye uzito wa zile za Italia au Poland, kwa hiyo vyuo ndivyo kitalu chake. Waliotwaa shaba ya Olimpiki Paris mwaka 2024 kwa kuifunga Italia walipita huko: seta Micah Christenson kutoka USC, Erik Shoji wa Stanford, Aaron Russell wa Penn State, David Smith wa UC Irvine, na huyo DeFalco mnayemtaja. Hata kocha wao, John Speraw, alikuwa akiifundisha UCLA. Tukijaza miche ya jirani kitaluni, tusishangae bustani ya jirani ikichanua: seta aliyewafikisha Wabulgaria fainali ya dunia alinolewa Long Beach.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Dada, au kaka, sijui nikuiteje, mfano wako wa kitalu ni mzuri lakini unasahau kinachowakuza watoto. Mpokeaji wa California aliyekabili sevu, yaani mpira wa kuanzishia, ya Moni Nikolov kila siku mazoezini amejifunza jambo ambalo hakuna kocha angemfundisha kwa maneno. Huyo bado yuko kikosini mwaka huu.

Tena, tukiuliza kwa nini vijana hawa hawakai, sehemu ya jibu iko katika sheria za nchi yenyewe. Mwanafunzi Mmarekani sasa anaweza kulipwa kwa matangazo na jina lake. Mwanafunzi wa kigeni anayeishi kwa viza ya masomo amebanwa sana kufanya kazi ya kujipatia kipato, na hapohapo klabu ya Ulaya imemwekea mkataba mezani. Chuo hakikumfukuza. Hakikuwa na cha kumshikia.

MLETA MADA

Nimesoma yote na nitajibu kwa ufupi nilipokubali, kwa urefu nilipokataa.

Kuhusu viza, nakubali, na sikuwa nimelipima jambo hilo ipasavyo. Kuhusu ugeni, sikuwahi kusimama upande huo na sitaanza leo. Thelle ni mfano wa aina ya seta ninayemtetea. Mchangiaji wa pili amegusa suala la wahitimu ambalo nadhani ni zito kuliko lile la timu ya taifa, maana Christenson na wenzake walipata nafasi hata wageni walipokuwapo.

Sasa lile swali la kabati. Hapana, nisingelirudisha taji. Ila kuna njia ya tatu ambayo sote tumeiruka: kumchukua mgeni wa msimu mmoja na wakati huohuo kumwandaa mrithi wake kwa dakika halisi uwanjani, si kwa kumpigisha makofi benchi. Dhidi ya timu dhaifu za Januari na Februari, seti ya tatu ikiwa ushindi umeshaonekana, ndipo seta wa pili anapopaswa kuingia na kukosea. UCLA walimpa Andrew Rowan nafasi hiyo mwaka 2023 akiwa mwaka wa kwanza, wakashinda mwaka huo na uliofuata, na katika fainali ya 2025 alikuwa bado ndiye. Walifungwa siku hiyo, sawa, lakini hakuna aliyeuliza nani ataupanga mchezo kesho yake.

Alan Knipe, aliyekuwa kocha wa Long Beach State walipotwaa taji la 2025, si mtu wa kudharauliwa. Alikuwa mchezaji katika kikosi cha ubingwa cha 1991, na mataji matatu yaliyofuata yote ameyaleta yeye akiwa kocha. Kwa hiyo sitabiri kuporomoka. Natabiri timu itakayopokea mpira vizuri, itakayopiga sevu vizuri, na ambayo hadi Machi itakuwa ikilisha mipira mingi mno pembeni kwa sababu katikati bado hapajaaminika. Katika ligi ya Big West, ambako watakutana na Hawai'i na UC Irvine zaidi ya mara moja, wazuiaji wa wapinzani watalisoma jambo hilo mapema.

Anayetaka kunipinga asiniletee matokeo ya wiki ya kwanza. Ahesabu mipira ya haraka ya katikati katika mechi tatu za mwanzo, aandike ni mingapi mchezaji wa kati ameshuka bila kuigusa, kisha arudi hapa tuendelee.