Naomba ushauri: kazi ya kudarizi inalala upande

Habari zenu wanakikundi. Niko Moshi, na ninadarizi foronya ya mto wa kochi kwenye kitambaa kigumu cha matundu 14 kwa inchi, kwa uzi wa pamba na sindano butu namba 20. Mshono wangu ni wa mshazari, kila mmoja ukivuka njia panda moja ya nyuzi, nami hushona mstari mmoja mmoja kutoka kulia kwenda kushoto. Ua la katikati limekamilika, lakini kitambaa kilichokuwa mraba sasa kimelala upande, na nikiweka rula naona kona ya juu imesogea karibu sentimita mbili.

Nimejaribu kulegeza mkono. Nimekilowesha kidogo pia, nikakivuta na kukibana kwa pini kwenye ubao hadi kikakauka. Kilinyooka, kisha kikarudi kulekule nilipoendelea kushona. Kukilowesha zaidi naogopa, kwa sababu uzi mwekundu uliacha doa la waridi kwenye kitambaa cheupe chenye maji nilichoupangusia.

Nafahamu kwamba kushona kwa safu za mshazari, kupanda na kushuka, mpaka mgongo wa kazi ufanane na ukili, huvuta kitambaa kidogo zaidi. Je, ninaweza kubadilisha mshono sasa, kwa kuwa imebaki sehemu inayolizunguka ua tu, bila mpaka kuonekana kwa mbele? Na kwa rangi inayochuja hivyo, mnanyoosha vipi kazi iliyokamilika?