Tupeane uzoefu: Uliongoza chama, shule, biashara au shirika likayumba. Mlisimamaje tena?

Mleta mada, Mwanza

Wakuu, salaam. Nimekuwa mwenyekiti wa SACCOS moja ya mtaani hapa Mwanza tangu 2016. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nimeona nilitoe, na wengine mliowahi kushika usukani kitu kikayumba mikononi mwenu mtoe la kwenu. Za semina tumezisikia nyingi. Nataka kujua siku ile hali ilipochafuka ulifanya nini.

Naanza na langu. Hadi mwisho wa 2019 tulitembea kifua mbele. Wanachama 340, marejesho yanaingia, gawio likisomwa mkutanoni watu wanapiga makofi. Ambacho hakuna aliyekihoji, na mimi nikiwa wa kwanza kutohoji, ni kwamba karibu nusu ya mikopo yetu ilikuwa kwa walimu wa shule binafsi. Walikuwa walipaji wazuri, mshahara unakatwa juu kwa juu, kamati ya mikopo ikawapenda. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ikatangaza kufunga shule kwa sababu ya Corona. Shule binafsi inaishi kwa ada. Ada ikikoma na mshahara umekoma. Kufika mwezi wa nne marejesho ya walimu yalikuwa kama yamekatwa kwa panga.

Tulipokosea ni hapo, na kosa hilo siwezi kuisingizia Corona. Meneja alileta orodha ya mikopo iliyochelewa, kurasa nne. Bodi tukaikalia. Tukaagiza mikopo yote ya walimu isogezwe mbele miezi sita ili kwenye taarifa isihesabiwe kuwa chechefu, yaani mikopo isiyolipwa kwa wakati. Kwenye makaratasi tukawa wazima wa afya. Wakati huohuo wanachama wanakuja kuchukua akiba zao, nasi tunawajibu "njoo wiki ijayo". Chama cha akiba kikimwambia mtu njoo wiki ijayo mara tatu, mtaa mzima umeshajua.

Shule zilifunguliwa tena 29 Juni, lakini walimu wengi hawakuitwa kazini. Wakaguzi walipokuja mwaka uliofuata hawakumaliza siku mbili kabla ya kuona tulichofanya. Tukaitisha mkutano mkuu maalumu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Nikaamua kwamba orodha ya wadaiwa isomwe, na ianze na wajumbe wa bodi. Na mimi nilikuwemo: milioni 4, miezi mitatu sijarejesha. Nilisimama nikasoma jina langu, kiasi ninachodaiwa na tarehe niliyolipa mara ya mwisho. Ukumbi ulikuwa kimya, feni tu ndiyo inasikika. Mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba akanyanyuka akauliza, "Mwenyekiti, lini?" Hakuongeza neno. Nikataja tarehe, ikaandikwa kwenye muhtasari.

Tangu hapo kundi moja la kazi halichukui zaidi ya robo ya mikopo yote, na kamati ya usimamizi inapata orodha ya waliochelewa moja kwa moja kutoka kwa karani, haipitii kwetu. Ilituchukua miaka miwili na nusu kurudi kumpa mtu akiba yake siku anayoiomba. Wanachama zaidi ya 60 walishaondoka, na baadhi nakutana nao barabarani, salamu zao ni fupi.

Nawasilisha. Karibuni.

Mwenye shule, Moshi

Mkuu, mimi ndiye upande wa pili wa hadithi yako. Nina shule ya awali na msingi. Wiki ile ya kufunga niliwaita walimu wote 19, tukakaa chini ya mwembe, nikawaonyesha salio la benki kwenye simu yangu, simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mshahara wa nusu mwezi, basi. Na stoo kulikuwa na mahindi ya chakula cha wanafunzi. Nikawaambia amueni ninyi. Wakaamua wenye watoto wadogo wapewe mahindi debe mbili mbili na wale vijana wasubiri. Mimi nisingethubutu kupanga hivyo.

Nilikosea kwenye masomo. Tulichapa mazoezi mazuri kabisa, tukawatangazia wazazi waje shuleni kuyachukua. Hawakuja. Nikawalaumu mwezi mzima kwamba hawajali elimu. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyenifumbua macho: "Mama, wanaogopa utawadai ada." Tukayapeleka bahasha kwa bahasha kwenye duka la mangi katika kila kijiji, bila neno lolote la ada. Zikaisha.

Muuguzi, wodi ya wazazi

Nimefanya kazi labour miaka 14, hospitali sitaitaja. Kwetu mama akifariki kwa uzazi, taarifa hutakiwa kutolewa ndani ya saa 24, kisha kunakuwa na kikao cha mapitio ya kifo. Zamani kikao kile kilikuwa mahakama. Swali la kwanza: "Nani alikuwa zamu?" Matokeo yake watu wakawa hodari wa kuandika faili. Ukilisoma faili kila kitu kilifanyika kwa wakati, na mama amekufa.

Akaja matroni mpya. Akasema tutaanza kikao kwa kutembea na yule mama: alianza kuumwa saa ngapi nyumbani, nani aliamua aje, alipanda nini, alifika mlangoni saa ngapi, nani alimgusa wa kwanza. Kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Tulisoma chuoni mambo haya, ila hatukuwahi kuyatembea kwa hatua.

Kikao cha pili cha namna hiyo kilihusu mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Muuguzi mdogo, hana hata mwaka kazini, akasema kwa sauti ya chini: dawa ya kuzuia damu ilikuwepo, ila ipo kwenye friji ya famasi, na ufunguo aliondoka nao aliyemaliza zamu. Dakika 22 walimtafuta kwa simu. Miezi yote tulikuwa tunaandika "upungufu wa damu salama" kuwa ndiyo sababu. Enzi za kuulizana nani alikuwa zamu, yule binti asingefungua mdomo.

Wiki hiyohiyo ikaletwa friji ndogo wodini, haina kufuli. Ndani kuna boksi la dharura limezungushiwa plasta yenye tarehe. Ukikuta plasta imekatwa unajua boksi limetumika, unalijaza kabla hujaendelea na kazi nyingine. Matroni amestaafu sasa. Boksi lipo hadi leo.

Mfanyabiashara, Nairobi

Wenzangu hamjambo. Nilikuwa nasambaza mifuko ya plastiki, juala kama tunavyoiita huku, na nilikuwa na wafanyakazi 11. Marufuku ilianza 28 Agosti 2017 na tulikuwa tumepewa miezi sita ya kujiandaa. Sikujiandaa. Marufuku za nyuma zilikuwa zimefia njiani, nikaamini na hii itakufa. Stoo ikabaki imejaa mali ambayo hata kuigawa bure ni kosa.

Nikakopa, nikanunua cherehani, tukaanza kushona ile mifuko mingine laini inayofanana na kitambaa. Biashara ikashika. Halafu ikatangazwa kwamba nayo, kuanzia 31 Machi 2019, hairuhusiwi. Kilichotuokoa safari hii ni fundi mmoja aliyekuwa akiomba cherehani jioni ashone sare za shule za majirani. Nilikuwa nimemkataza mara mbili. Leo sare ndiyo biashara yetu na yeye ndiye msimamizi.

Mkulima wa korosho, Newala

Naomba nipinge kidogo. Haya mazungumzo ya kujifunza kutokana na makosa yana watu wanaojificha humo. Kwenye AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kila msimu kilo zilikuwa zinapungua kati ya ghala letu na ghala kuu. Maelezo: unyaufu. Ni kweli korosho ikikaa inapoteza maji. Lakini gunia halinyauki kilo sita kwa siku nne. Viongozi wanasimama mkutanoni: "Changamoto tumeipokea, tumejifunza." Msimu unaofuata, kilo sita zilezile. Huyo hajakosea, huyo anakuibia kwa maneno mazuri.

Tulichoka msimu wa 2018, ule wa mgogoro wa bei mnadani hadi serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kukawa na uhakiki wa wakulima ili kuwabaini kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kinyume cha utaratibu. Mwenye karatasi zake alipita, na sisi ambao daftari la chama halikueleweka tulitoka jasho. Mwaka uliofuata tukauondoa uongozi wote.

Sasa mzani uko nje ya ghala, kila mtu anauona. Kila asubuhi kabla ya kazi unapandishwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ukisoma 48, hakuna kupima hadi fundi aje. Wakulima wawili wanakaa hapo kwa zamu na daftari lao, tofauti na la karani.

Na mwenyekiti mpya naye alikosea: alichelewesha mzigo, tukakosa mnada wa bei nzuri. Ila alipita kijijini jioni ileile, nyumba kwa nyumba, akisema ni uzembe wake. Tulikasirika na bado tukambakiza. Mtu wa hivyo unaweza kumvumilia akajifunza kweli.

Mfanyakazi wa shirika, Njombe

Nimekusoma mkulima, na nakubaliana nawe.

Shirika letu lilikuwa linafuatilia watu wanaotumia dawa za kufubaza VVU, hasa walioacha kliniki. Fedha karibu zote zilitoka Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 rais wao alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye ikaja barua pepe: simamisheni kazi. Magari yakaegeshwa siku hiyohiyo.

Mkurugenzi wetu ni mama mtulivu sana. Alichukua chaki, akaandika ubaoni fedha tulizo nazo ambazo si za mfadhili yule. Zilitosha wiki saba. Kisha akasema kabla ya kuzungumzia mishahara yetu tuzungumzie wateja. Siku mbili tulikaa na wauguzi wa vituo, mteja kwa mteja: nani anachukua dawa za mwezi mmoja, nani za miezi mitatu, nani asipofuatwa nyumbani hatakuja. Siku ya tatu ndipo aliposoma orodha ya watakaoondoka. Watu 31, nikiwemo.

Na alisema kitu ambacho sijawahi kumsikia bosi akikisema. Kwamba mwaka 2021 mjumbe wa bodi alimuonya kuwa tumesimama kwa mguu mmoja. "Nililiandika kwenye muhtasari, sikulifanyia kazi." Machozi yalimtoka, ila hakuacha kuongea.

Wamebaki tisa. Ofisi kubwa imerudishwa kwa mwenyewe, wanachangiwa na makanisa na wafanyabiashara wa mbao. Mimi nauza viazi, lakini wahudumu wengine wawili nami bado tunapita kwa wale wateja wagumu kila Jumapili. Kama wasingetueleza ukweli sidhani kama ningekuwa naenda.

Mleta mada, Mwanza

Nimesoma yote mara mbili. Mama wa Moshi, kama kuna mwalimu wako alikuwa mwanachama wetu, mfikishie salamu, mlango uko wazi.

Dada muuguzi, habari ya ule ufunguo imenikosesha usingizi. Leo asubuhi nimeuliza ofisini nani ana neno la siri la mfumo wetu wa mikopo. Ni mtu mmoja tu, na yuko likizo Bukoba. Nimeshampigia, na Jumatatu kamati ya usimamizi inakaa kwa ajili hiyo.

Wengine endeleeni kushusha.