Chai ya maziwa chumbani hotelini, Guangzhou na Istanbul: nibebe nini?

Binti Shangani (Mtwara):
Wadau, habari za jioni. Mwezi ujao nafuata mzigo Guangzhou, nikirudi napitia Istanbul. Chai ya rangi ya pakiti hainitoshi, nataka ya maziwa yenye tangawizi. Chumbani kuna jagi la umeme tu. Nichemshie maziwa humo humo? Au nibebe hita ya koili, ile ya wati 1000? Na tangawizi mbichi ya hapa sokoni itapita?

Fundi Mikindani:
Dada, hita iache. Volti si tatizo: China 220, Uturuki 230, karibu sawa na kwetu. Kinachogoma ni plagi. Yetu ya miguu mitatu bapa haiingii. China wana miwili bapa, au mitatu ambayo miwili yake imekaa mshazari, Uturuki miwili ya duara. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti inabaki ile ile.

Hatari ya koili ni kwamba ikiwashwa kabla ya kuzama, au maji yakipungua, inaungua palepale. Kikombe cha plastiki kinayeyuka. Hoteli nyingi haziruhusu, na kama jagi lipo huna sababu ya kubishana nao.

Kwa atakayekwenda Marekani (volti 120) au Japani (100): hita ya volti 230 kule inatoa nguvu kama robo tu Marekani, na Japani chini ya hapo. Nusu lita itachukua dakika kumi na zaidi, na huenda isichemke vizuri.

Mama Chai (Lindi):
Mwanangu, maziwa usiyatie kwenye jagi hata kidogo. Jagi hujizima mvuke ukifika kwenye swichi yake. Maziwa yanafura na kumwagika kabla ya hapo, tena mengine yanagandia chini na kuungua. Harufu haitoki, na mgeni ajaye ataikuta.

Jagi ni la maji. Kupika kunafanyika kwenye chupa ya chai. Chukua ya chuma ya nusu lita, yenye mdomo mpana ili uweze kuiosha. Kwanza isuuze kwa maji yaliyochemka, uyaache humo dakika mbili, la sivyo chuma chenyewe kinakula moto wa chai. Mwaga. Tia nusu kijiko cha chai cha tangawizi ya unga, iliki tatu zilizopondwa na kipande cha mdalasini, mimina maji yanayotokota, funga dakika kumi. Ndipo utie vijiko viwili vya chai vya majani, ufunge tena dakika tano. Ukiyatia majani mwanzoni pamoja na viungo, chai inakuwa chungu.

Wakati huo, kwenye kikombe koroga vijiko vinne vya mezani vya maziwa ya unga na maji vuguvugu kidogo mpaka yawe uji mzito. Ukiyamwagia maji ya moto yakiwa makavu yatafanya madonge. Chuja chai juu yake taratibu huku ukikoroga. Sukari mwisho.

Ukipata tangawizi mbichi, itangulize kwenye maji yanayotokota. Ina kimeng'enya kinachokata maziwa. Moto mkali unakiua, uvuguvugu unakipa nguvu. Ndiyo maana chai ya vuguvugu yenye tangawizi mbichi inakatika.

Mzigo Salama:
Tangawizi mbichi usibebe: China inakataza abiria kuingia na mboga na matunda mabichi, na Guangzhou tangawizi imejaa masokoni. Maziwa ya unga nayo nunua huko, uangalie yasiwe ya sukari. Vile vipakiti vyeupe vya hotelini mara nyingi si maziwa, ni mafuta ya mimea na sukari ya wanga. Chai inakuwa laini mdomoni lakini haina ladha.

Majani beba ya kwetu ya punje ndogo, yale ya Mufindi, yakiwa kwenye pakiti ya dukani isiyofunguliwa. Maji tumia ya chupa kote kuwili. Jagi likiwa na ukoko mweupe ndani, chemsha maji na nusu limau, acha dakika ishirini, mwaga, suuza mara mbili.

Binti Shangani (Mtwara):
Ahsanteni sana. Mama, shikamoo. Chujio je?

Mama Chai (Lindi):
Marahaba. Kale kadogo ka waya kenye mkono, kanakaa juu ya kikombe. Ka kitambaa kanachelewa kukauka chumbani, kanavunda.