Uviko (korona): tulikula sahani moja, kwa nini bibi ndiye aliyezidiwa?

Mjukuu wa Ujiji: Shikamooni wakubwa. Mwaka 2021 tulikuwa tisa, vyumba vitatu. Kaka alirudi na kikohozi kutoka mwalo wa wavuvi wa Kibirizi, Kigoma. Sisi vijana siku nne tukapona. Bibi, miaka 71, mgonjwa wa sukari, alihema kwa shida wiki mbili. Bado inaniuma. Kwa nini yeye?

Muuguzi mstaafu: Marahaba mwanangu. Kuambukizwa na kuzidiwa ni mambo mawili. Msongamano ndio uliwaambukiza: madirisha yamefungwa, mnavuta hewa ileile. Kuzidiwa ni habari ya mwili. Umri unazidi vyote, maana kinga huchoka. Sukari ikipanda huidhoofisha zaidi. Presha, unene na ugonjwa wa figo navyo vimo. Alichanjwa?

Baba Dagaa: Wanaume nao walikufa zaidi katika nchi nyingi. Na hata kama kukaa ndani kungetukinga, sisi wa ziwani tungewezaje? Usipoingia majini, watoto hawali.

Mjukuu wa Ujiji: Chanjo zilianza nchini Julai, yeye aliugua kabla. Alichanjwa baadaye, yupo, alhamdulillahi. Sasa analala chumba chenye dirisha kubwa, na daftari lake la sukari nalishika mimi.